Mfalme Aliyesusa Chakula: Somo la Kuridhika kwa Watoto wa Shule ya Jumapili

Somo hili nimelifundisha mara kadhaa hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika darasa la Kiswahili ambalo watoto wake wanatoka katika nyumba za Wasamia, Wateso, Waganda na Wajaluo, na wachache huvuka mpaka pamoja na wazazi wao kila Jumapili. Katika mji wa mpakani mtoto anaishi katikati ya vitu vya watu wengine: malori yanapita yamejaa, wachuuzi wametandaza viatu na nguo kando ya njia, na anayetembea kutoka nyumbani hadi kanisani huwa ameshatamani vitu kumi kabla ya sala ya kwanza. Somo linawafaa watoto wa miaka 7 hadi 12 na linahitaji karibu saa moja. Wakati mzuri wa kulifundisha ni Novemba, kabla habari za nguo za Krismasi hazijaanza, au wiki zile za kabla ya muhula wa kwanza, ambapo orodha ya mahitaji ya shule inasomwa nyumbani na kila mtoto anajua sanduku la mwenzake ni jipya au ni la kaka yake.

Hatua ya kwanza: Maandalizi

Soma 1 Wafalme 21:1-19, Kutoka 16:13-24 na Waebrania 13:5, na uzisome zaidi ya mara moja, kwa sababu hadithi utaisimulia kwa kinywa bila kushika kitabu. Tafuta nusu kilo ya maharage makavu, mkeka, ungo na kikombe kidogo cha chai. Siku mbili kabla ya somo, tia kipande cha posho, yaani ugali wa mahindi, ndani ya kopo, ulifunike vizuri na usilifungue.

Hatua ya pili: Kuwasikiliza watoto

Mwombe kila mtoto ataje kitu kimoja alichokitamani wiki hii, nawe ukiandike ubaoni kama alivyokisema, bila kucheka na bila kukemea. Utasikia baiskeli, simu, chapati yenye mayai, viatu vya michezo, na safari moja mtoto aliniambia kwamba alitamani kitanda chake peke yake. Usiseme neno lolote juu ya orodha hiyo kwa sasa. Mtoto anayeona kwamba jibu lake limegeuzwa kuwa mfano wa dhambi mbele ya wenzake hatakuambia ukweli tena.

Hatua ya tatu: Hadithi ya Ahabu na Nabothi

Walimu wengi huanza na mtume Paulo au na mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Mimi naanza na mfalme, na ninawashauri mfanye hivyo, kwa sababu somo la kuridhika likianza na watu wenye shida, watoto maskini husikia kwamba wao ndio wanaoambiwa wanyamaze, na watoto wenye navyo husikia kwamba haliwahusu. Ahabu hakukosa kitu. Alikuwa mfalme wa Israeli, ana jumba Yezreeli, tena 1 Wafalme 22:39 inamtaja kuwa alijenga nyumba ya pembe. Pamoja na hayo yote aliliona shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake, akalitaka liwe bustani ya mboga.

Hapo simama kidogo, watoto wacheke. Mfalme mzima anataka mahali pa kupanda sukuma wiki!

Endelea kwa utulivu. Ahabu alitoa masharti ambayo kwa macho ya kwanza ni mazuri, yaani shamba bora zaidi au fedha, lakini Nabothi alikataa kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na sheria ya Israeli katika Mambo ya Walawi 25:23 ilikataza ardhi kuuzwa kabisa, kwa maana ni ya Mungu. Watoto wa Uganda hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu wengi wameketi karibu na wazee wakizungumza juu ya mipaka ya shamba na makaburi ya mababu, na wanajua kwa nini mtu hakubali kubadilishana. Kisha fika kwenye 1 Wafalme 21:4, mstari ambao ndio moyo wa hadithi: mfalme alirudi nyumbani amekasirika, akajilaza kitandani, akageuza uso wake na kukataa kula. Lala chini kwenye mkeka, geukia ukuta, uigize. Waulize: "Nani hapa amewahi kususa chakula kwa sababu alinyimwa kitu?" Mikono itainuka, na wewe mwalimu inua wa kwako.

Wakiisha kutulia, uliza swali ambalo ningependa lichukue muda kuliko mengine yote: Ahabu alikuwa na nini ambacho siku ile hakukiona? Waache watoto wahesabu mashamba, farasi, watumishi, jumba, chakula kilichokuwa kinapoa mezani. Watagundua wenyewe kwamba tamaa ya kitu kimoja ilimfunika macho asione vyote alivyokuwa navyo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Neno mbachao halijulikani sana huku kwetu, kwa hiyo mimi huwaambia ni mkeka wako mkuukuu ambao bado unaulalia.

Sehemu iliyobaki ifupishe kulingana na umri. Kwa wadogo inatosha kusema kwamba Yezebeli, mke wa Ahabu, aliandika barua kwa jina la mfalme, mashahidi wawili wakasema uongo, Nabothi akauawa bila hatia, na Mungu akamtuma nabii Eliya kumwambia Ahabu kwamba ameona. Usiyapambe mauaji. Lakini usiyafiche pia, kwa maana watoto wanapaswa kuona kwamba mambo yalianzia kwenye kununa kitandani na yakaishia kwenye damu ya jirani, na kwamba amri ya kumi, katika Kutoka 20:17, inalinda watu walio jirani zetu pamoja na mioyo yetu.

Hatua ya nne: Mchezo wa maharage

Tawanya maharage kwenye mkeka na uwape watoto dakika moja waokote. Wakubwa watajaza viganja, wadogo watapata punje chache. Kisha wote wamimine walichookota ndani ya ungo, nawe umpimie kila mmoja kikombe kimoja, au nusu kikombe ikiwa darasa ni kubwa. Watakaolalamika kwamba wamekimbia bure usiwajibu upesi. Soma Kutoka 16:16-18, ambapo kila mtu alipewa pishi moja ya mana, na walipopima, aliyekusanya kingi hakubakiwa na aliyekusanya kichache hakupungukiwa. Waeleze kwamba Biblia haisemi kwamba Waisraeli walimimina mana pamoja kama sisi, na kwamba mchezo wetu ni mfano tu. Kwa watoto wakubwa ongeza kwamba Paulo aliutumia mstari huo huo katika 2 Wakorintho 8:15 alipowaomba Wakristo wa Korintho wawasaidie wenzao waliopungukiwa.

Sasa fungua kopo la posho. Harufu itafundisha Kutoka 16:20 kuliko mimi na wewe: waliolimbikiza mana hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka.

Hatua ya tano: Mstari wa kukariri

"Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Ndiyo Waebrania 13:5. Naomba msiukate mstari huu katikati, kama nilivyousikia ukikaririwa mara nyingi, kwa sababu nusu ya kwanza ikibaki peke yake ni amri kavu, na sababu ya amri hiyo imo katika nusu ya pili. Mtoto anaridhika kwa kuwa hayuko peke yake. Kwa wale wa miaka 11 na 12, linganisheni na Wafilipi 4:11, ambapo Paulo, akiwa kifungoni, anasema amejifunza kuwa radhi. Lisisitizeni neno "nimejifunza", maana linampa nafasi mtoto ambaye leo ameshindwa.

Hatua ya sita: Kazi ya wiki

Kila jioni, kwa siku sita, mtoto ataje mbele ya mlezi wake kitu kimoja alichokitumia siku hiyo na mtu aliyefanya kazi ili kipatikane. Mtoto hutoa pia kitu kimoja kwa mwingine, ila kikubaliwe kwanza na mzazi. Jambo hili nililijifunza kwa aibu: mwaka wa kwanza niliwaambia watoto walete kitu wanachokipenda wakigawe, na msichana mmoja akaja na jozi ya sapatu, naye amesimama peku, kwa sababu hakuwa na nyingine. Nilimrudishia baada ya ibada bila watu kuona. Tangu hapo yeyote ambaye nyumbani kwao hakuna cha ziada anatoa kazi ya mikono, kama kumtekea maji jirani mzee, na inahesabiwa sawasawa.

Funga kwa sala fupi inayofuata maneno ya Mithali 30:8, ya kumwomba Mungu asitupe umaskini wala utajiri, ila chakula cha kututosha.

Maswali ya walezi na walimu

Mama wa watoto wanne, Mbale: Bwana asifiwe, mwalimu. Mwanangu wa darasa la nne anaenda shule na viatu vilivyotoboka, na wenzake wanamcheka. Anapolia akitaka vingine, je, nimwambie aridhike?

Jibu: Asifiwe sana, mama. Usimwambie hivyo. Paulo anapoandika juu ya kuridhika katika 1 Timotheo 6:8 anataja chakula na mavazi, maana yake hayo ni mahitaji, na Bwana mwenyewe ametufundisha kuomba riziki ya kila siku. Mwombe Mungu pamoja naye kwa sauti, mweleze kwa ukweli hali ya fedha ilivyo na mnavyopanga kununua, hata kama ni vya mtumba, na ikiwezekana umwone mwalimu wake wa darasa kuhusu hao wanaomcheka. Wale ndio wanaohitaji somo la Ahabu.

Baba, Malaba: Binti yetu yuko bweni. Siku ya kutembelewa wazazi wengine huja na kuku wa kukaanga, keki na soda za kreti, sisi tunafika na ndizi na karanga. Safari iliyopita alituomba tukae mbali na wenzake. Mke wangu aliumia sana.

Jibu: Pole, ndugu yangu, na umpe mama pole. Msikope fedha ili mfike na kuku, kwa sababu muhula ujao atatakiwa kuku na keki. Wala msimkemee siku ile ile mbele ya watu. Nendeni mapema, mbaki naye muda mrefu, mumwulize habari za rafiki zake kwa majina, na mmwombe amwite mmoja aje ale nanyi, ikiwezekana yule ambaye hakutembelewa na mtu. Akiwa likizo ndipo mzungumze juu ya yale maneno, mkianza na Mithali 15:17, inayosema kwamba chakula cha mboga penye mapendano ni bora kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Arua: Je, hatutawafanya watoto wavivu, wasio na bidii ya kutafuta maendeleo?

Jibu: Katika hadithi, Nabothi ndiye mwenye shamba la mizabibu na asiyekubali kuuacha urithi wa baba zake, na aliyelala kitandani akinuna ni Ahabu. Paulo naye alishona mahema, Matendo 18:3. Mtoto anayetaka kufaulu mtihani mhimizeni kabisa.

Bibi anayelea wajukuu, Jinja: Shangazi yao anafanya kazi Uarabuni. Alimtumia mmoja simu na nguo, wawili hakuwapa kitu, na sasa nyumba haina amani. Niwafundishe hao wawili kuridhika?

Jibu: Mama, ningeanza na shangazi. Mwanzo 37 inaonyesha kwamba chuki ya ndugu zake Yusufu ilipata nguvu pale baba yao Yakobo alipompa Yusufu peke yake kanzu, naye Yakobo alikuwa mtu mzima aliyepaswa kuona mbele. Mwombe shangazi, kwa upole na kwa shukrani, kwamba zawadi zipitie mikononi mwako. Simu iwe ya nyumba, ikae chumbani kwako, na zamu za kuitumia uziandike. Baada ya hapo somo litawaingia wote watatu.

Mwalimu wa watoto wadogo, Tororo: Maharage yamepanda bei. Naweza kutumia karanga?

Jibu: Unaweza, dada, ila zisiwe zimekaangwa. Mimi nilijaribu za kukaanga, na tulipofika kwenye kupima ungo ulikuwa na maganda.