Somo: Kupanga jozi kamili, na la kufanya ukikwama

Tuna walimu watano na masomo matano. Kila mwalimu apate somo moja analoliweza, kila somo lipate mwalimu mmoja, asibaki mtu wala somo. Tukichora grafu, walimu ni nukta za kushoto, masomo ni nukta za kulia, na mstari huunganisha mwalimu na somo analoliweza. Tunatafuta mistari mitano isiyokutana kwenye nukta yoyote. Hiyo ndiyo jozi kamili.

Asha: Hisabati, Fizikia
Baraka: Hisabati
Chausiku: Fizikia, Kemia
Daudi: Kemia, Biolojia, Jiografia
Eliza: Biolojia, Kemia

Hatua ya 1. Hesabu pande zote mbili. Zikitofautiana, haiwezekani. Hapa ni 5 kwa 5, tuendelee.

Hatua ya 2. Panga harakaharaka: kila mwalimu apewe somo la kwanza kwenye orodha yake ambalo bado liko wazi. Asha anapata Hisabati. Baraka anakosa, mruke. Chausiku Fizikia, Daudi Kemia, Eliza Biolojia. Jozi nne zimepatikana. Wamebaki Baraka na Jiografia, na kati yao hakuna mstari.

Wengi wakifika hapa hufuta karatasi nzima na kuanza upya. Usifute. Hizo jozi nne ni mtaji.

Hatua ya 3. Tafuta njia ya kupishanisha, ukianzia kwa mwalimu aliyebaki. Kutoka kwa mwalimu kwenda kwenye somo, pita mstari wowote ambao haujatumika, yaani haumo kwenye jozi ulizopanga. Kutoka kwenye somo kurudi kwa mwalimu, pita ule uliotumika, nao ni mmoja tu. Kila nukta unayofika itie alama ili usiirudie. Bila alama utazunguka palepale. Ukifika kwenye somo lisilo na mwalimu, simama.

Baraka → Hisabati → Asha → Fizikia → Chausiku → Kemia → Daudi → Jiografia

Hatua ya 4. Igeuze njia hiyo. Ina mistari 7: minne haikutumika, mitatu ilitumika. Iliyotumika iache, isiyotumika ishike. Sasa Baraka ana Hisabati, Asha Fizikia, Chausiku Kemia, Daudi Jiografia. Eliza na Biolojia hawakuguswa. Jozi tano.

Kwa kuwa njia ya namna hii huanza na kuishia kwenye nukta zisizo na mwenzi, mistari isiyotumika huizidi iliyotumika kwa mmoja. Ndiyo maana kila ukigeuza unapata jozi moja zaidi. Mwanahisabati Claude Berge alithibitisha mwaka 1957 kwamba njia hiyo isipokuwepo kabisa, jozi ulizonazo ndizo nyingi kuliko zote zinazowezekana.

Kosa linaloharibu kazi mara nyingi ni kurudi kutoka kwenye somo kwa mstari ambao haukutumika. Ukigeuza njia hiyo, somo moja litajikuta na walimu wawili.

Hatua ya 5. Na utafutaji ukiisha bila kufika kwenye somo lililo wazi? Hapa ndipo penye utamu wa somo lote. Tuseme Chausiku hawezi Kemia. Rudia kutoka kwa Baraka: Hisabati, Asha, Fizikia, Chausiku, mwisho. Tazama alama zako: walimu watatu (Baraka, Asha, Chausiku), masomo mawili (Hisabati, Fizikia). Watatu hao kwa pamoja hawana somo la tatu. Basi haiwezekani, na ushahidi unao mkononi.

Hii si bahati. Kila somo ulilofikia lina mwalimu wake, naye pia umemfikia. Ukimwongeza yule uliyeanza naye, walimu huzidi masomo kwa mmoja. Mwanahisabati Philip Hall alieleza sharti hili mwaka 1935: kila mwalimu hupata somo lake ikiwa, na tu ikiwa, kila kundi la walimu lina kwa pamoja masomo yasiyopungua idadi yao. Usijaribu kukagua makundi yote moja moja. Kwa walimu 20 yapo 1,048,576. Utafutaji mmoja uliokwama unakuonyesha kundi lenye tatizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikianza na wenye chaguo chache, si nitakwepa hatua ya 3?

Jibu: Mwenye chaguo moja mpe mara moja; hilo halina hasara kamwe. Lakini wote wakiwa na chaguo mbili au zaidi, hakuna kinachokuhakikishia kuwa umechagua vizuri. Mpangilio mzuri hupunguza kugeuza, hauondoi.

Swali: Vipi kugawa wanafunzi wawili wawili vyumbani? Hakuna kushoto wala kulia.

Jibu: Hapo njia hii peke yake haitoshi. Kukiwa na mzunguko wa nukta witiri, kwa mfano watatu wanaokubaliana wote, nukta moja inaweza kufikiwa kwa zamu zote mbili, ya mstari uliotumika na ya usiotumika, na alama zako zinakudanganya. Mwanahisabati Jack Edmonds alitatua hilo mwaka 1965: mzunguko huo unakunjwa uwe nukta moja, unaendelea kutafuta, kisha unaukunjua. Kipimo cha kutowezekana nacho hubadilika, na ni cha mwanahisabati Tutte, 1947: ondoa nukta kadhaa, hesabu vipande vilivyobaki vyenye nukta witiri. Vikizidi nukta ulizoondoa, hakuna jozi kamili. Jaribu kwa nukta moja katikati iliyounganishwa na tatu za pembeni: ondoa ya katikati, vinabaki vipande vitatu.

Swali: Ubao wa sataranji ukiondolewa pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, kwa nini vipande vya domino haviujazi, ilhali miraba 62 ni shufwa?

Jibu: Kila domino hufunika mraba mweupe mmoja na mweusi mmoja, na pembe hizo mbili zina rangi moja. Zimebaki 32 kwa 30, kwa hiyo hatua ya 1 imeshakataa. Ila rangi kulingana hakutoshi. Chukua ubao mzima, acha pembe moja, ondoa miraba miwili inayopakana nayo, kisha ondoa miwili ya rangi ya pembe hiyo kwingineko. Ni 30 kwa 30, lakini pembe haina jirani hata mmoja. Ubao mzima una njia 12,988,816 za kujazwa.