Laptopu si ya Apple na macOS imegoma kuwaka? Anzia hapa

Kama umeweka macOS kwenye laptopu ya Intel kwa kutumia OpenCore (programu inayoiwasha macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple) halafu inaganda kwenye lile tufaha, usikimbilie kufomati, fungua kwanza config.plist, lile faili la mipangilio ya OpenCore, kwenye boot-args (maagizo ya kuwasha) ongeza -v keepsyms=1 debug=0x100 alafu washa tena, sasa utaona maandishi yanashuka na ule mstari wa mwisho ndo unaokuambia shida iko wapi.

Ikisimama kwenye EXITBS:START mara nyingi ni BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu kabla mfumo haujawaka) au mambo ya memori. Ingia BIOS uzime Secure Boot, Fast Boot na CFG Lock (kufuli ya mipangilio ya prosesa), diski iwe kwenye hali ya AHCI. Laptopu nyingi hazionyeshi CFG Lock kabisa, hapo washa AppleXcpmCfgLock ndani ya config.

Ikiandika Still waiting for root device, flashi ya kuwekea macOS imepotea njiani, hamishia tundu la USB 2.0 au kagua ramani ya USB (orodha ya matundu ambayo macOS inayatambua).

Lilu na VirtualSMC (kext, yaani programu ndogo za nyongeza ambazo OpenCore inazipakia) lazima ziwepo na Lilu itangulie kwenye orodha, wengi wanakwama hapa jamani. Kadi ya Nvidia RTX haitambuliki kabisa, izime utumie ya Intel.