Viraka vya karatasi kwenye ukurasa wa albamu

Mimi huanza na picha, si karatasi. Naiweka mezani, nachagua rangi mbili zilizomo ndani yake, kisha naongeza moja isiyokuwemo kabisa. Hiyo ya tatu ndiyo inayouchangamsha ukurasa.

Mtindo ninaoupenda ni wa viraka tisa: miraba 9 ya sentimita 5, mitano ya rangi nzito na minne ya rangi nyepesi, ikipishana kama ubao wa drafti. Ukimaliza una mraba wa sentimita 15. Kwenye kitambaa ungeongeza nafasi ya mshono pande zote. Karatasi haihitaji, kata kipimo kamili.

Kinachobeba kazi yote ni uzito wa rangi, yaani ilivyokolea au ilivyo nyepesi. Nyekundu na kijani zinaweza kuonekana tofauti sana, kumbe zina uzito mmoja na mchoro ukafifia. Panga vipande bila gundi, piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vinavyopakana vikifanana, badilisha kimoja. Maua makubwa pia yakae mbali na maua makubwa mengine. Baina yao weka karatasi isiyo na urembo.

Bandika kuanzia kiraka cha kati ukielekea nje, kwa gundi ya kijiti, maana gundi ya maji huikunja karatasi nyembamba. Mwisho chukua kalamu nyeupe, chora vistari vifupi milimita 2 kutoka ukingoni, kama mshono wa mkono. Usitumie rula hapo. Vikipinda kidogo, vinapendeza zaidi.