SOMO: Unasaga meno usiku? Soma hapa kabla hujang'oa jino

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naandika hili kwa uchungu kidogo maana mimi nimeshapoteza jino zima kabisa, gego la chini upande wa kulia, lilikua linauma kila asubuhi nikaenda zahanati moja hapa Arusha wakaling'oa, na wiki mbili hazijaisha maumivu yakarudi palepale pasipo na jino. Ndo nikajua jino halikua na kosa. Mke wangu alikua ananiambia kila siku, baba nanii unasaga meno usiku kama mtu anasaga ulezi kwenye jiwe, mimi nabisha. Kwaiyo twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Hakikisha kama kweli unasaga
Ukiamka tu, kabla hujanywa hata chai, weka vidole pembeni ya taya karibu na sikio alafu uma meno, utasikia msuli unatuna. Ubonyeze. Kama unauma, na kichwa kinauma kwenye panja zote mbili, na maumivu yanapungua kadiri siku inavyoenda, hiyo ni dalili kubwa. Alafu nenda kwenye kioo: ulimi pembeni una alama za meno kama mawimbi, ndani ya shavu kuna mstari mweupe, chonge zimekua bapa badala ya kuchongoka, maji baridi yanatia ganzi. Unaelala peke yako acha simu irekodi sauti usiku. Wengi tunakimbilia dawa ya malaria kwa ajili ya hicho kichwa cha asubuhi bila hata kupima, tuache jamani.

HATUA YA 2: Tafuta kinachochochea
Usiku ubongo unashtuka kidogo bila wewe kuamka, moyo unaenda mbio sekunde chache, na misuli ya taya inakaza. Kila kinachovuruga usingizi kinaongeza hiyo kitu. Stresi za ada na marejesho ya mkopo ndo namba moja. Sigara, pombe ya usiku iwe bia iwe mbege, na mirungi ambayo mbali na kwamba ni kosa kisheria inakaza taya vibaya sana. Na kahawa, najua ndugu zangu wa Moshi hamtanielewa hapa, ila kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu tu, yaani kikombe cha saa kumi jioni nusu yake bado unayo saa tatu usiku. Kuna dawa za sonona pia kama fluoxetine na sertraline zinaweza kuleta, ila usiache mwenyewe, ongea na aliyekuandikia.

HATUA YA 3: Anza na mchana
Hapa ndo mimi nilipopona zaidi. Ukiwa umetulia meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana kabisa, yanagusana ukitafuna na ukimeza basi, ukijumlisha siku nzima hata nusu saa haifiki. Mimi naendesha gari ya watalii, ile barabara ya vumbi ya kwenda Serengeti nilikua naimaliza yote meno yamebana bila kujua. Nikabandika stika nyekundu kwenye dashibodi, kila nikiiona naachia: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele. Mwezi wa kwanza ni mgumu, vumilia.

HATUA YA 4: Kabla ya kulala
Kitambaa cha maji ya moto kwenye taya dakika 10 hadi 15. Taya ikiwa inauma pumzisha nyama choma, miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii.

HATUA YA 5: Kikinga meno
Daktari wa meno anachukua kipimo cha meno yako, kinatengenezwa cha plastiki ngumu unavaa usiku tu. Elewa kwamba hakikuachishi kusaga, kinafanya usage plastiki badala ya jino, na ganda la jino likishalika haliotagi tena. Kioshe kwa maji baridi, ya moto yanakipinda. Bei uliza kabla hujapimwa.

MASWALI

Mama Junior, Majengo Moshi: Mwanangu ana miaka 5 anasaga sana, bibi yake anasema ni minyoo?
Jibu: Mama, dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake ila usitegemee ndo itamaliza kusaga, ushahidi wa minyoo ni dhaifu. Watoto wengi wanaacha wenyewe meno ya ukubwani yakiota. Ila kama anakoroma na kulala mdomo wazi mpeleke aangaliwe koo na pua.

Swali: Mkuu kile cha mabondia cha dukani hakifai?
Jibu: Cha kushikiza tu kaka. Ni laini, wengine wanakitafuna wanazidisha.

Dada wa Usa River: Meno yangu ni ya kahawia tangu utoto, yanamegeka haraka, ni kusaga au ni maji?
Jibu: Inaweza ikawa vyote dada. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo ndo kikomo cha WHO, na jino lililoathirika sana ganda lake linakua na vitundu, halivumilii kusagwa. Wewe kikinga usichelewe.

Swali: Mume wangu anasaga, anakoroma, na saa nyingine pumzi inakata kabisa.
Jibu: Huyo asianze na kikinga, aanze hospitali kubwa apimwe pumzi ya usingizini. Hata moyo unaumia hapo.

Swali: Langu limeshameguka pembeni, ning'oe?
Jibu: Hapana jamani! Likiwa na uhai linazibwa au linavishwa kofia. Mwombe daktari apige eksrei na abonyeze misuli ya taya kwanza, na asipoibonyeza mwambie.