Somo la vipande: kuvunja makambi ya kikabila darasani

Kuwaketisha wanafunzi wa makabila na dini tofauti kwenye dawati moja hakutoshi. Shule za Austin, Texas, zilipochanganya weusi, weupe na Walatino mwaka 1971, zilivuna ugomvi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliona chanzo kimoja kilikuwa ufundishaji wenyewe: kila mtoto ananyoosha mkono kumpiku mwenzake. Alibuni somo la vipande: kila mwanafunzi kundini anapewa kipande chake cha mada, na hakuna anayeweza kulimaliza bila wengine.

Tuseme una wanafunzi 48, vipindi viwili vya dakika 40 mfululizo, na mada ya Maji Maji. Igawe vipande sita: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, Kinjeketile na maji yake, vita vilivyoenea kuanzia 1905, makabila yaliyojiunga, mbinu za Wajerumani, na njaa iliyofuata. Kipande kisizidi nusu ukurasa.

Makundi manane ya watu sita yapange wewe mwenyewe. Ukisema "jipangeni", watu wa kwao watajikusanya. Changanya kabila, dini, jinsia na uwezo, lakini usitangaze vigezo. Ukivitangaza, kila mtoto atajiona amepelekwa kuwakilisha kabila lake.

Dakika 10, kila mmoja anasoma kipande chake tu. Dakika 20, wenye kipande kilekile kutoka makundi yote wanakutana kukichambua na kupanga namna ya kukieleza. Walimu wengi huiruka hatua hii kwa kuona inapoteza muda, na hapo ndipo kazi inapoharibika: mwanafunzi dhaifu anarudi kundini hana la kusema, wenzake wanamcheka, na dharau iliyokuwepo inapata ushahidi. Kisha dakika 30 za kufundishana, tano kwa kila mtu. Akikatizwa mtu, usigombe. Wakumbushe wenzake kwamba kipande hicho anacho yeye tu, wamuulize maswali. Wawili wakianza kuzungumza kilugha, waombe wawaelezee wengine walichosema.

Malizia kwa jaribio la dakika 10 linalogusa vipande vyote, kila mtu na alama zake. Zawadi kwa kundi bora usitoe kabisa. Kambini Oklahoma mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif alishindanisha makundi mawili ya wavulana waliofanana karibu kwa kila kitu, na mashindano yakawafanya maadui.

Wakizidi 48, wawili washike kipande kimoja. Akikosekana mtu, wape kundi kipande chake wakisome pamoja.