Watoto wa Selkirk Rex: tazama sharubu

Paka wako wa aina ya Selkirk Rex akizaa, ukitaka kujua nani atakuwa na manyoya ya mawimbi, tazama sharubu tangu siku ya kwanza. Zilizojikunja, ndiye. Zilizonyooka, huyo manyoya yake yatalala kama ya paka wa kawaida. Jeni ya mawimbi ni tawala, yaani mzazi mmoja mwenye nayo anatosha, ndiyo maana uzao mmoja hutoa wa aina zote mbili. Aina hii yote ya paka ilianzia kwa jike mmoja aliyezaliwa Montana, Marekani, mwaka 1987.

Sasa hapa ndipo wengi hushtuka: baada ya muda mawimbi hupotea, mtoto akabaki na manyoya machache yaliyosimama ovyo, kama kanyeshewa. Usikimbilie dawa ya fangasi! Kwa kawaida yanarudi akifika miezi minane hadi kumi. Ila ukiona ngozi nyekundu, ukurutu au mabaka ya upara, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kuchana, tumia chanuo la meno mapana mara moja au mbili kwa wiki, basi. Brashi ya kila siku hulegeza mawimbi. Sharubu zikikatika usihangaike, ni dhaifu kwa asili.

La muhimu kuliko manyoya ni uzito. Wiki za mwanzo wapime kila siku, saa ileile, kwa mizani ya jikoni. Kila mmoja aongeze takriban gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asiyeongezeka, angalia kama ananyonya kweli au wenzake wanamsukuma.