Kuzuia cheche za dohani kwenye boti ndogo ya mvuke

Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu. Boti ya kuni ikisogelea mwalo wa Kirumba, Mwanza, saa hizo, cheche zake zinatua kwenye magunia ya dagaa na nyavu za nailoni, na nailoni inatobolewa na kaa dogo kama punje ya mchele. Vipimo vya hapa ni vya dohani yenye kipenyo cha sentimita 15.

1. Kuni. Ngumu, zilizopasuliwa, unyevu chini ya asilimia 20. Mgunga hauna mpinzani. Msonobari, magome, maranda na pumba za mpunga usitie: ni nyepesi, hubebwa na moshi zikiwa bado zinawaka.

2. Mvuto. Mvuke uliokwisha kazi ukipulizwa ndani ya dohani huvuta moto. Tundu lake likiwa jembamba mno, mvuto unanyanyua makaa kutoka kwenye chanja. Lipanue kwa nusu milimita kila mara, ujaribu, mpaka presha ikae bila moto kunguruma. Boti yenye kondensa (kifaa kinachopoza mvuke uwe maji tena) haipulizi mvuke kwenye dohani. Ruka hatua hii.

3. Kofia ya wavu. Kosa la kawaida ni kufunika mdomo wa dohani kwa kipande cha wavu. Waya zenyewe zinakula nafasi, masizi yanaziba iliyobaki, moshi unakosa njia. Jumla ya matundu iwe angalau mara 4 ya eneo la dohani.

Dohani yetu ina sentimita za mraba 177, kwa hiyo matundu yafike 708. Wavu wa matundu ya milimita 5 na waya wa milimita 1.2 uko wazi asilimia 65 tu, hivyo unahitaji karibu sentimita za mraba 1,090 za wavu. Tengeneza silinda ya kipenyo cha sentimita 22 na kimo cha sentimita 16. Juu weka bamba zima lisilo na tundu, cheche zigonge na kuanguka. Chini, pengo kati ya silinda na dohani lizibwe kwa bamba lenye kimlango cha kutolea makaa.

Nunua stenlesi. Wavu wa banda la kuku una matundu makubwa mno, na zinki yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 za Selsiasi, wakati kaa jekundu linazidi hapo. Matundu ya milimita 2 nayo usiyatamani: kuni zikiwa na unyevu kidogo tu, lami inayaziba safarini.

Kofia iliyoziba utaijua hivi: moto mkubwa lakini presha inashuka, na moshi unatokea mlango wa kuni. Sogeza karatasi inayofuka kwenye mlango wa majivu. Moshi wake usipovutwa ndani, usifungue mlango wa kuni kabisa, ndimi za moto zitakutokea usoni. Funga mlango wa majivu, endelea kuingiza maji kwenye boila, acha moto ufifie. Nanga na kasia viwe tayari, maana boti itaelea bila nguvu. Kofia isivuliwe moto ukiwaka, hata kwa dakika moja. Ifunge kwa bawaba na pini, uisugue kwa brashi ya waya kila jioni boila ikipoa.

4. Uendeshaji. Fungua mvuke taratibu. Tia kuni kidogo kidogo, na usichokoe moto ukiwa karibu na mwalo. Chokoa mapema, mbali na ufuko.

Turubai lisikae nyuma ya dohani, na madumu ya petroli yasipandishwe kwenye boti hii.